Kupanga Msimu wa Mbio za Klabu Malindi: Mwongozo Kamili, Kusi hadi Kaskazi

Kosa linalowavunja moyo wakimbiaji wapya wa Malindi ni klabu kuazima kalenda ya bara. Iten na Eldoret ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake ni za baridi karibu mwaka mzima, na mtu wa huko anaweza kushindana Februari sawa na anavyoshindana Julai. Malindi ni mambo mengine. Februari, ikifika saa mbili asubuhi jua limeshakuwa kali, hewa imejaa unyevu na jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisilokauka halimpozi mtu. Basi aliyekimbia kilomita 10 kwa dakika 50 mwezi wa Julai akipata dakika 54 Februari, hudhani kiwango kimeshuka, akakata tamaa. Hakijashuka. Amepangiwa mbio kwenye upepo usio wake.

Mwongozo huu ni wa klabu ya ridhaa yenye wanachama 30 hadi 100, isiyo na mitambo ya kupima muda wala mdhamini. Inataka watu watano au sita wanaoaminika, baiskeli moja nzima, stopuwochi mbili na daftari.

Mwaka ugawanywe kwa upepo

Msimu mkuu uwe wa kusi, Juni hadi Agosti. Huu ndio wakati wa baridi ya pwani: joto la mchana huwa nyuzi 27 au 28, na upepo wa kusi unapunga vizuri. Mashindano yenu yote ya barabarani yanayohesabiwa alama yawekeni hapa. Anzeni na kilomita 5 wiki ya kwanza ya Juni, nendeni kwa kilomita 10 Julai, mfunge na nusu marathoni (kilomita 21.0975) katikati au mwisho wa Agosti. Mbio sita, moja kila wiki mbili, zinatosha. Zikizidi hapo watu hushindana kila Jumapili na hawapati muda wa kufanya mazoezi.

Aprili na Mei ni masika. Msiweke shindano. Njia za ndani hujaa madimbwi, na dimbwi la maji ya matope huficha shimo linalovunja kifundo cha mguu. Huu ni wakati wa mbio za taratibu za kujenga msingi, mkutano mkuu wa wanachama, kutengeneza koni na kupima njia upya. Anayetaka nusu marathoni ya Agosti ahesabu wiki 12 kurudi nyuma. Maana yake mazoezi yake ya mbio ndefu yanaanza mwishoni mwa Mei, hata kama mvua haijaisha.

Septemba hadi Novemba upepo unageuka, ndiyo maleleji, kisha vuli inaingia. Wenye hamu ya marathoni ya Nairobi, ambayo kwa kawaida hukimbiwa mwishoni mwa Oktoba, wanautumia muda huu. Waliobaki nyumbani wapewe mbio za kupokezana vijiti za timu za watu wanne, kilomita 3 kila mmoja. Hazichoshi sana, na zinawaleta pamoja wakimbiaji wa kasi na wa polepole.

Desemba hadi Machi ni kaskazi. Joto hupanda, na Februari na Machi ndiyo miezi migumu kuliko yote. Mbio za kaskazi ziwe fupi, kilomita 3 au 5, na nyingi ziwe ufukweni. Msitoe alama. Toeni burudani.

Juu ya pepo hizi inakaa kalenda ya Kiislamu, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Mwaka 2026 Ramadhani ilianza katikati ya Februari, ndani ya kaskazi kali, na miaka michache ijayo itaendelea kusogea kuelekea Januari. Katika mwezi mtukufu mfungaji akimbie taratibu dakika 30 au 40 kabla ya magharibi, ili amalize karibu na maji na tende. Mazoezi ya kasi yahamishiwe usiku baada ya tarawehe, saa tatu na nusu hivi, kwenye njia yenye taa. Mashindano hapana. Na wiki ya Idd msipange lolote. Mwezi ukionekana siku moja mapema au kuchelewa, ratiba yenu itavurugika.

Siku bora ya shindano ni Jumapili, lakini wanachama Wakristo wana ibada. Anzeni saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkimbiaji wa mwisho awe amemaliza kabla ya saa mbili na nusu. Aliyeswali alfajiri anawahi, na anayekwenda kanisani anawahi. Zingatieni mwanga: Julai jua la Malindi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa hiyo ya kuanza kuna mwanga wa kuona barabara lakini jua bado. Novemba huchomoza karibu saa kumi na mbili kamili, basi anzeni robo saa mapema.

Ufukweni, maji ndiyo mwenye ratiba

Hapa ndipo wageni hukosea zaidi. Mtu husikia kwamba siku za bamvu maji hukupwa mbali sana, akaona hizo ndizo siku za mbio za ufukweni. Kweli hukupwa mbali, lakini saa ngapi? Pwani yetu siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa majira ya saa kumi alfajiri na kukauka majira ya saa nne hadi saa tano asubuhi. Saa kumi na mbili asubuhi mtakuta bahari bado iko juu, na kilichobaki cha kukimbilia ni mchanga mkavu laini unaomeza mguu.

Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Ukihesabu hivyo utaona kuwa maji makavu ya alfajiri hadi saa moja huangukia kama tarehe 10 hadi 12 na 25 hadi 27 za mwezi mwandamo, siku chache baada ya maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayakupwi sana. Bahari haitoki mbali kama ya bamvu, lakini inaacha ukanda wa mchanga ulioshikana, nao ndio mkimbiaji anaoutaka. Kwa mbio za jioni za saa kumi na moja, tafuteni tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24. Kisha thibitisheni kwa jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, au mwulizeni nahodha yeyote pale wanapotia nanga wavuvi. Atawajibu bila kufungua kitabu.

Mchanga mzuri utaujua kwa kisigino: ukikanyaga, alama iwe na kina kisichozidi sentimita 1, na rangi ya mchanga iwe ya unyevu bila maji kusimama juu. Njia iwe ya kwenda na kurudi. Ufukwe umeinama kuelekea baharini, na anayekimbia upande mmoja tu mguu mmoja hukaa chini kuliko mwingine kwa kilomita zote. Maumivu ya nje ya goti yanatoka huko. Akirudi njia ile ile mzigo unahamia mguu wa pili. Wakati wa kusi mwani hurundikana ufukweni, na chini yake kuna vipande vya matumbawe. Asikimbie mtu pekupeku miezi hiyo.

Kupima njia kwa baiskeli

Saa za mkononi zinazopima kwa setilaiti hazifai kupimia njia ya mashindano. Watu watano wakikimbia pamoja saa zao hutoa majibu matano, na tofauti ya mita 100 katika kilomita 10 si ajabu. Njia inayotumika duniani kupima barabara za marathoni ni baiskeli iliyosawazishwa. Kifaa maalumu cha kuhesabia ni ghali, lakini kanuni yake mnaweza kuifuata kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele.

1. Tafuteni kipande cha barabara ya lami kilichonyooka, tambarare, chenye magari machache. Kipimeni mita 500 kwa futi ya chuma ya mita 50, mara kumi, mkichora mstari wa chaki kila mwisho. Pimeni tena kutoka upande wa pili. Majibu mawili yakitofautiana zaidi ya sentimita 10, rudieni. Futi ya kitambaa au plastiki huvutika, msiitumie.

2. Jazeni tairi upepo hadi ligande. Fungeni kitambaa chekundu kwenye spoku iliyo karibu na nozeli ya gurudumu la mbele. Weka nozeli chini kabisa, juu ya mstari wa kuanzia.

3. Panda baiskeli, usiisukume, kwa sababu uzito wa mtu hubonyeza tairi na kubadili mzunguko. Endesha mita 500 ukihesabu mizunguko. Mwishoni hesabu pia spoku zilizozidi. Gurudumu la spoku 36 lenye mzunguko wa mita 2.2 hivi, kila spoku ni kama sentimita 6.

4. Rudia mara nne, utafute wastani. Tuseme ni mizunguko 228.2. Kilomita 1 ni mara mbili yake, 456.4. Zidisha kwa 1.001 ili kuongeza mita moja kwa kila kilomita. Nyongeza hii ni kinga dhidi ya njia kuwa fupi. Unapata 456.86, na kilomita 5 ni mizunguko 2,284.3.

5. Nenda ukapime njia yenyewe mara moja, kabla jua halijapanda. Fuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaruhusiwa kupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara kwenye kona, na ukate moja kwa moja kutoka kona hadi kona. Ukipima katikati ya barabara na wakimbiaji wakakata kona, njia itakuwa fupi.

6. Ukimaliza, rudi kwenye mita zako 500 upime tena mara nne. Chukua kubwa kati ya hesabu mbili, ya kabla na ya baada.

Hatua ya sita ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye siri. Jua likipasha tairi, upepo wa ndani unatanuka, gurudumu linakuwa kubwa kidogo, na njia inatoka ndefu kidogo. Hilo halina madhara. Lakini tairi likiwa na pancha ya polepole, gurudumu linazidi kuwa dogo, njia inatoka fupi, na rekodi zote za klabu zitakuwa za uongo. Bila kupima tena mwishoni hutajua.

Kuhesabu zaidi ya mizunguko 2,000 bila kupotea ni kazi. Muwe wawili: mmoja aendeshe baiskeli ya kipimo, mwingine afuate na yake akiandika. Kila mizunguko 100, sawa na kama mita 219, simameni mchore alama ya chaki pembeni. Hesabu ikipotea mnarudi kwenye alama ya mwisho tu, hamwanzi upya. Alama za kila kilomita mkishazihakiki zipakeni rangi na mwandike kila moja iko mita ngapi kutoka mlingoti upi au lango lipi, maana rangi hufutika na lami hutiwa viraka.

Kwa njia ya kwenda na kurudi, barabara ya Casuarina kuelekea hifadhi ya bahari inafaa kuliko barabara kuu ya Mombasa, kwa sababu magari yake asubuhi ya Jumapili ni machache. Anzieni upande wa mjini mwelekee kusini, misimu yote miwili. Wakati wa kusi mtakwenda upepo ukiwa usoni nguvu zikiwa bado mpya, kisha mtarudi unawasukuma. Wakati wa kaskazi mtakwenda unawasukuma jua likiwa chini, na mtarudi unawapiga kifuani wakati joto limepanda. Upepo wa kifuani unapunguza kasi lakini unakausha jasho. Anayekimbia na upepo mgongoni kwenye joto ni kama amesimama kwenye chumba kisicho na dirisha.

Msimamizi mmoja awekwe kila makutano, na wawili pale tuktuk na bodaboda zinapoegesha. Hawa madereva waendeeni siku moja kabla, mzungumze nao na muwaombe nafasi kwa heshima; wakijua saa ya kuanza na ya kumaliza, wao wenyewe watawasaidia kuzuia wenzao. Barua kwa kituo cha polisi na kwa ofisi ya kaunti ipelekwe mapema, angalau wiki tatu, mbaki na nakala yenye muhuri. Klabu inayotaka kudumu ijisajili pia kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013.

Maji, chumvi na barafu

Vituo vya maji vya kila kilomita 5 vinafaa penye baridi. Malindi weka kila kilomita 2.5. Hesabu ni hii: wakimbiaji 80, kila mmoja vikombe viwili vya mililita 200 kwa kila kituo, kimoja cha kunywa na kimoja cha kujimwagia, ni lita 32 kwa kituo. Kilomita 10 ina vituo vitatu, lita 96. Ongeza nusu lita kwa kila mtu mwishoni, lita 40. Jumla lita 136, yaani mitungi saba ya lita 20, na wa nane wa akiba. Vikombe vijazwe nusu hadi robo tatu, vikijaa pomoni humwagika mkononi. Meza mbili ni bora kuliko moja. Wa mbele wakisongamana kwenye meza ya kwanza, wa nyuma waende ya pili.

Ili mtu ajue jasho lake, ajipime uzito akiwa mkavu kabla ya mbio ya saa moja, kisha baada, bila kunywa katikati. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Asilazimike kuirudisha yote njiani. Kunywa kupita kiu, hasa kwa wakimbiaji wa polepole wanaokaa barabarani saa mbili na zaidi, huzimua chumvi ya damu na kunaweza kuua.

Madafu ni mazuri baada ya mbio, yana potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo kuliko ile inayotoka kwa jasho. Tia chembe za chumvi kwenye glasi, au changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu.

Kitu cha kuogopa ni pigo la joto. Dalili yake kuu ni akili kuvurugika: mkimbiaji anayumba, anajibu mambo yasiyoulizwa, anataka kuendelea kukimbia upande usio wake. Huenda bado anatoka jasho, msidanganyike nalo. Mpozeni hapo hapo kabla ya kumpakia garini. Mlazeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mfululizo mwili mzima huku mkimpepea, na muweke taulo za maji ya barafu shingoni, kwapani, kifuani na mapajani, mkizibadilisha kila dakika mbili. Kama kuna beseni kubwa la kumzamisha hadi kifuani, ni bora zaidi, kichwa chake kikishikiliwa juu ya maji. Msimnyweshe kitu akiwa amechanganyikiwa. Gari la hospitali liitwe wakati huo huo, lakini kupoza kusisubiri gari. Barafu ya kilo 20 kwenye boksi la samaki, iliyonunuliwa jioni ya Jumamosi kwa wauza samaki, iwepo kila shindano hata la Julai.

Kupima muda bila mtambo

Wekeni kamba mbili baada ya mstari wa mwisho, zikifanya njia nyembamba ya mita 10 inayopitisha mtu mmoja mmoja. Msimamizi wa kwanza anabonyeza stopuwochi na kusoma muda kwa sauti kila kifua kinapovuka mstari. Wa pili anaandika muda tu, mmoja chini ya mwingine. Mwisho wa kamba wa tatu anampa kila mkimbiaji kibao chenye nambari ya nafasi yake. Mkimbiaji anakipeleka mezani, anaandikwa jina. Stopuwochi ya pili inaendeshwa kando, kwa ajili ya siku ambayo ile ya kwanza itakufa betri.

Kinachoharibika ni hiki: mtu mmoja anaruka kamba, au vibao viwili vinatoka vimeshikana, na kuanzia hapo kila mtu anapewa muda wa mwenzake. Dawa yake ni mtu wa nne anayeandika namba ya kifuani ya kila mkimbiaji wa kumi pamoja na muda wake. Orodha zikigongana, kosa liko ndani ya watu kumi, si themanini.

Alama, na mbio ya kuachiana

Wa kwanza alama 20, wa pili 19, hadi wa ishirini 1. Wanawake na wanaume wahesabiwe mbali, na walio na miaka 40 na kuendelea wawe na jedwali lao. Kila mtu ahesabiwe mbio zake nne bora kati ya sita, ili msiba, safari au homa isimtoe mtu kwenye msimu.

Mbio moja ya msimu iwe ya kuachiana. Kila mwanachama huanza kulingana na muda wake wa kilomita 5, ili wote wakaribie mwisho pamoja. Wa dakika 36 anaanza saa kumi na mbili na robo, wa dakika 30 anaanza dakika 6 baadaye, wa dakika 24 dakika 12 baadaye. Atakayevuka wa kwanza ndiye mshindi, na mara nyingi huwa mama aliyeanza kukimbia mwaka ule ule. Tumieni muda bora wa miezi 12 iliyopita, si wa mbio ya mwisho, kwa sababu wapo wanaojikokota makusudi wiki ya kabla.

Safari mbili

Wanaokwenda Nairobi wajue wanapanda karibu mita 1,800. Wafike jioni ya kuamkia mbio, au wakae huko wiki mbili kabla. Kati ya hapo mwili unakuwa umechoka na haujazoea. Waanze polepole kuliko walivyozoea, na wasifuate mwendo wa Malindi kilomita 5 za mwanzo.

Mkialikwa Lamu, njia inayopendwa ni ya ukingoni kutoka mjini hadi Shela, kilomita 3 hivi, halafu ufukwe mrefu nyuma ya Shela. Magari si tatizo huko, punda ndio wenye njia: punda mwenye mzigo hapishi, mkimbiaji ndiye apishe, upande wa ukutani na si upande wa maji. Siku za bamvu bahari ikijaa hufunika sehemu za njia hiyo, basi hesabu ya maji ya Malindi ifanyeni tena kwa Lamu kabla ya kukubali tarehe. Mkirudi, viatu vioshwe kwa maji baridi ndani na nje usiku huo huo, soli ya ndani itolewe, na vikaushwe kivulini. Chumvi hukata nyuzi na jua huachanisha gundi.

Matokeo ya kila shindano yabandikwe ndani ya saa 24, yakiwa na siku tatu za kupokea malalamiko. Baada ya siku hizo tatu daftari linafungwa na kutiwa sahihi na watu wawili, mmoja wao awe hakukimbia siku hiyo.